Somo la Kumi na Nne: Ahadi za Bwana juu ya Sala, na Jinsi Watangulizi Wetu Walivyozifahamu



Katika masomo yaliyotangulia tulijifunza maana ya sala, na namna ya kusali asubuhi, jioni na kabla ya kula. Leo twaingia katika jambo linaloumiza mioyo ya Wakristu wengi, yaani ahadi za Bwana juu ya sala na imani. Swali la somo hili hatukulitunga sisi. Tuliulizwa.

Siku moja, baada ya mafundisho katika kapela ya kijiji kisicho mbali sana na Bunia, mama mmoja alibaki nyuma wenzake walipokwenda zao. Alikuwa mkimbizi, aliyeacha nyumba na shamba kwa sababu ya vita. Akatuambia hivi: “Mwalimu, mlitufundisha kwamba aombaye hupewa. Mimi niliomba kwa ajili ya mtoto wangu alipougua njiani, naye akafa. Na ndugu zetu wa Komanda walikuwa ndani ya nyumba ya Mungu, wakikesha na kusali, nao wakauawa. Jirani yangu aniambia kwamba ni kwa sababu imani yetu ni ndogo. Je, ni kweli?”

Tulinyamaza, kwa kuwa hatukuwa na jibu la upesi. Tena tuliona haya, kwa sababu neno lile la jirani tuliwahi kulisema sisi wenyewe. Zamani, tungali vijana katika kazi ya ukatekista, baba mmoja alisali siku tisa kwa ajili ya mtoto wake mgonjwa, na siku ya tisa mtoto akafa. Nasi tukamwambia kwamba labda hakuomba kwa imani ya kutosha. Baba yule hakujibu neno. Aliondoka, wala hakuonekana tena kanisani kwa miaka mingi. Twamkumbuka kila tunapofundisha somo hili.

Basi, ili tusikosee mara ya pili, tutazame kwanza ahadi zenyewe, kisha tuwaulize wale waliotutangulia katika nchi zetu hizi: ninyi mliomba nini, mkapewa nini?

I. Ahadi zenyewe

Bwana wetu alisema maneno makubwa juu ya sala, wala hatuna ruhusa ya kuyapunguza. Katika Injili ya Matayo, sura ya 7, aliahidi kwamba mwenye kuomba hupokea, mwenye kutafuta huona, na mwenye kupiga hodi hufunguliwa. Katika sura ya 17 alisema juu ya imani iliyo kama mbegu ya haradali, kwamba yaweza kuhamisha mlima. Katika sura ya 18 aliahidi kuwapo kati ya wawili au watatu wanaokusanyika kwa jina lake. Na usiku wa karamu ya mwisho, kama tusomavyo katika Yoane, sura ya 14, aliwaahidi mitume kwamba atatenda watakaloliomba kwa jina lake.

Lakini Kanisa halisomi mstari mmoja na kufunga kitabu. Kanisa lasoma Injili nzima. Luka, katika sura ya 11, aeleza ahadi ile ile ya kuomba na kupewa. Aonyesha kwamba baba mwema hampi mtoto nyoka anapoomba samaki, wala nge anapoomba yai. Kisha ataja kipaji ambacho Baba wa mbinguni huwapa wamwombao: ni Roho Mtakatifu. Angalieni, ndugu. Hakutaja mali wala maisha marefu. Alitaja Roho wake mwenyewe, ndiyo kusema kwamba Mungu anajitoa.

Na kuomba kwa jina lake ni nini? Mfikirieni mjumbe wa chifu. Akifika kijijini na kusema “chifu amenituma”, watu humpa anachotaka. Lakini mjumbe hawezi kutumia jina la chifu ili kudai mbuzi ambaye chifu hakumtaka. Akifanya hivyo, amelitumia jina kwa hila. Vivyo hivyo, kuomba kwa jina la Yesu ni kuomba kama yeye aombavyo, na kutaka yale anayoyataka.

Yeye mwenyewe aliombaje? Usiku ule wa Getsemani, Mwana wa Mungu aliomba kikombe cha mateso kimwondokee. Alisema wazi alichokitaka, tena kwa machungu na jasho, hakujificha. Kisha akayaweka mapenzi ya Baba juu ya mapenzi yake. Kikombe hakikuondolewa. Hata hivyo, Waraka kwa Waebrania, sura ya 5, wasema kwamba sala yake ilisikiwa. Neno hilo tulishike sana. Alisikiwa, naye alikufa msalabani, na siku ya tatu Baba akamfufua. Basi kusikiwa si sawa na kuepushwa.

Na juu ya imani ndogo, twauliza: kwa nini Bwana alichagua mbegu ya haradali? Kwa sababu ni mbegu ndogo kabisa. Mwenye kumwambia aliyefiwa kwamba imani yake ni ndogo, hajaelewa ahadi, kwa maana ahadi ilitolewa kwa imani ndogo. Katika Marko, sura ya 9, baba wa mtoto mgonjwa alikiri mbele ya Yesu kwamba imani yake imechanganyika na mashaka, akaomba asaidiwe. Yesu hakumfukuza. Alimponya mtoto.

II. Waamini wa Buganda waliobaki bila padri

Sasa twende ng'ambo ya Ziwa Alberti, katika nchi ya Uganda. Mwaka 1879 Mapadri Weupe walifika Buganda kwa Kabaka Mutesa. Aliyetangulia alikuwa Padri Siméon Lourdel, ambaye watu walimwita Mapera. Mwaka uliofuata wakabatizwa Wakristu wa kwanza. Lakini mambo ya jumba la mfalme yalikuwa magumu na ya hatari, na mwezi wa Novemba 1882 mapadri waliondoka, wakaenda kusini ya ziwa kubwa la Nyanza.

Fikirini hali ya waamini wale. Walikuwa wachache, nao walikuwa Wakristu wa jana. Hakuna Misa, hakuna kuungama, hakuna wa kuwafundisha. Bila shaka waliomba mapadri warudi. Mwezi ukapita, mwaka ukapita, na mwaka wa pili pia. Kama sala ingekuwa kama duka, ambapo mtu atoa feza na kupokea kitu pale pale, wangesema kwamba duka limefungwa, wakaenda zao.

Hawakwenda zao. Katika jumba la mfalme, Yosefu Mukasa Balikuddembe aliwakusanya vijana na kuwafundisha. Andrea Kaggwa alifanya hivyo nyumbani kwake, na Matia Mulumba kule Mityana, mbali na mji mkuu. Walifundishana yale machache waliyoyajua. Mapadri waliporudi mwezi wa Julai 1885, baada ya Mutesa kufa na mwanawe Mwanga kutawala, walikuta kundi halikutawanyika, bali limeongezeka. Basi walipewa nini katika miaka ile karibu mitatu? Walipewa nguvu ya kuwa walimu wao kwa wao. Sisi makatekista twawaona hao kuwa wazee wetu katika kazi.

Lakini mwaka ule ule mateso yakaanza. Yosefu Mukasa alimkaripia Mwanga kwa kuua Askofu James Hannington wa Waanglikana, tena aliwakinga vijana wa jumba na matendo machafu ya mfalme. Tarehe 15 Novemba 1885 aliuawa. Karoli Lwanga akashika mahali pake. Mwezi wa Mei 1886, walipojua kwamba kifo ki mlangoni, Lwanga aliwabatiza usiku wakatekumeni waliokuwa pamoja naye, na kati yao Kizito, aliyekuwa mdogo wa wote. Padri Lourdel alikwenda jumbani kuwaombea kwa mfalme, asisikilizwe. Tarehe 3 Juni 1886, kule Namugongo, walichomwa moto.

Je, vijana wale hawakuomba? Waliomba. Je, imani yao ilikuwa ndogo? Hakuna awezaye kusema hivyo. Waliomba wasimkane Bwana, na jambo hilo walipewa lote. Mwanga alidhani kwamba moto utamaliza dini. Lakini wakatekumeni waliongezeka, na Kanisa la Uganda likatoa mapadri na makatekista wengi. Tarehe 18 Oktoba 1964, Baba Mtakatifu Paulo wa Sita aliwatangaza Wakatoliki 22 wa Uganda kuwa watakatifu. Wakati huo wa furaha, huku kwetu Kongo moto mwingine ulikuwa ukiwaka.

III. Maji ya dawa

Kabla ya kusimulia moto huo, yafaa tueleze ahadi ya namna nyingine, ili tuone tofauti yake na ahadi ya Bwana.

Mwaka 1905, katika nchi ambayo leo yaitwa Tanzania, mtu mmoja jina lake Kinjikitile Ngwale, wa Ngarambe, aliwapa watu maji ya dawa. Wadachi walikuwa wakiwatesa watu kwa kazi ya pamba na kwa kodi, nao watu walikuwa na haki ya kuchoka. Waliambiwa kwamba kwa nguvu ya maji yale, risasi za Wadachi zitageuka kuwa maji. Risasi hazikugeuka. Vita ile ya Maji Maji ilidumu hadi 1907, na watu makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa njaa, kwa kuwa Wadachi waliteketeza mashamba na ghala.

Mwaka 1964 jambo kama hilo lilionekana kwetu. Waasi walioitwa Simba waliteka sehemu kubwa ya mashariki ya Kongo, tangu Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani, hadi Bunia na Paulis, ambayo leo ni Isiro. Waganga wao waliwanyunyizia dawa na kuwachanja. Waliambiwa kwamba wakishika miiko, na wakipiga kelele “Mai Mulele!”, risasi zitakuwa maji. Na mwenzao alipopigwa risasi akafa, jibu lilikuwa tayari: amevunja mwiko.

Sikilizeni jibu hilo kwa makini, ndugu wapenzi. Ahadi ya dawa haishindwi kamwe, kwa sababu lawama yote yawekwa juu ya maiti. Akipona, dawa ni nzuri. Akifa, kosa ni lake. Sasa linganisheni na neno la jirani yule aliyemwambia mama mkimbizi kwamba mtoto wake amekufa kwa imani ndogo, na neno letu kwa baba yule wa zamani. Si ni jibu lile lile? Tulisema jina la Yesu, lakini tulifundisha dini ya maji ya dawa.

Tofauti ndiyo hii. Mganga ataka kuishika nguvu na kuitumia, kama mtu ashikavyo panga. Mkristu hamshiki Mungu. Yeye ni mtoto anenaye na Baba yake, na mtoto husema yote anayoyataka, kisha humwamini Baba hata asipoelewa.

IV. Mwenyeheri Anuarite

Sasa tumsimulie binti wa nchi yetu. Anuarite Nengapeta alizaliwa Wamba tarehe 29 Desemba 1939, akabatizwa mwaka 1943, akaitwa Alphonsine. Nyumbani kwao palikuwa na huzuni. Mama yake alizaa wasichana, na baba yake, kwa kuwa alitaka mtoto mwanamume, aliwaacha na kuoa mke mwingine. Kwa hiyo msiwaze kwamba watakatifu hukulia katika nyumba zisizo na machozi. Wengi wenu mnaosikiliza mwazijua nyumba za namna hiyo.

Binti huyo alitamani kuwa sista. Mama yake alikataa. Hata siku moja lori lilipokuja kuwachukua wasichana waliokwenda kuanza utawa Bafwabaka, Anuarite alipanda pamoja nao bila kumwambia mama yake. Baadaye mama akakubali. Anuarite aliingia shirika la Masista wa Jamaa Takatifu, na tarehe 5 Agosti 1959 aliweka nadhiri zake, akapewa jina la Maria Klementina. Alifanya kazi ya kufundisha shuleni. Wenzake walimjua kuwa mtu wa kazi na wa kucheka, tena mwenye hasira ya upesi, aliyejikaza kuishinda hasira hiyo.

Miaka mitano ikapita. Tarehe 29 Novemba 1964 lori la pili lilifika Bafwabaka, limejaa Simba. Masista wote waliamriwa kupanda, wakaambiwa kwamba wanapelekwa mahali pa usalama. Njiani walisali Rozari. Baadaye Simba waliwanyang'anya rozari na misalaba yao. Anuarite alikuwa na sanamu ndogo ya Bikira Maria, akaishika kwake.

Nao hawakuwa peke yao katika mateso siku zile. Padri Bernardo Longo, aliyekuwa mmisionari kule Nduye katika Ituri yetu, aliuawa Mambasa tarehe 3 Novemba. Askofu Joseph Wittebols wa Wamba aliuawa tarehe 26 Novemba, siku tatu tu kabla ya masista kuchukuliwa. Waamini wengi weusi, ambao majina yao hayakuandikwa, waliuawa pia.

Masista walifikishwa Isiro usiku wa tarehe 30 Novemba. Mkubwa mmoja wa Simba alimtaka Anuarite awe mke wake. Akakataa. Kanali mwingine, Pierre Olombe, alijaribu kumlazimisha, naye akakataa tena, akasema kwamba afadhali afe kuliko kutenda dhambi hiyo. Alipigwa sana, pamoja na sista mwenzake. Kabla ya kuuawa alimwambia Olombe kwamba anamsamehe, kwa kuwa hajui alitendalo. Olombe aliwaamuru askari wamchome visu, kisha yeye mwenyewe akampiga risasi. Anuarite alikufa usiku wa manane, tarehe 1 Desemba 1964. Hakuwa amefikisha miaka 25. Masista wenzake, badala ya kulia tu, waliimba wimbo wa Bikira Maria, ule wa kumtukuza Bwana.

Hapo ndipo swali letu larudi. Masista walisali Rozari njiani. Je, hawakuomba waokolewe? Wanadamu huomba hivyo, na Bwana mwenyewe aliomba hivyo. Mwili wa Anuarite haukuokolewa. Lakini alipewa mambo mawili ambayo hakuna dawa iwezayo kuyatoa. La kwanza, kushika nadhiri yake mpaka mwisho. La pili, kusamehe, naye alikuwa mtu wa hasira ya upesi! Huo ndio mlima uliohamishwa usiku ule. Mwenye kujua jinsi ilivyo kazi kusamehe hata deni la kuku mmoja, ataelewa ukubwa wa mlima huo.

Tarehe 15 Agosti 1985, Baba Mtakatifu Yoane Paulo wa Pili alifika Kinshasa, akamtangaza Anuarite kuwa Mwenyeheri. Katika mahubiri yake, mbele ya umati mkubwa, Papa alimsamehe muuaji kwa moyo wake wote. Hivyo neno la msichana mmoja, alilolisema usiku bila msaada wa mtu, lilirudiwa baada ya miaka karibu 21 na Papa mwenyewe mbele ya Kanisa zima. Kila mwaka tarehe 1 Desemba twamkumbuka.

V. Mambo ya siku zetu

Pengine wengine watasema: hayo ni ya zamani. Basi tutazame yaliyotokea mbele ya macho yetu.

Tangu tarehe 1 Agosti 2018 hadi tarehe 25 Juni 2020, ugonjwa wa Ebola ulizisumbua nchi za Kivu ya Kaskazini na Ituri. Watu zaidi ya 2,200 walikufa. Wagonjwa wengine waliogopa hospitali, wakakimbilia vyumba vya maombi, ambako waliwekewa mikono bila kinga yo yote. Hivyo ugonjwa ukawapata wenye kuomba pamoja na wenye kuombewa. Je, sala iliwaua? Hapana. Lililowaua ni ugonjwa, na kosa lilikuwa kumtenga Mungu na kazi za watu wake. Waganga na wauguzi waliosafisha wagonjwa, waliozika kwa uangalifu, na waliowachanja watu zaidi ya 300,000, hao pia walikuwa jibu la sala zetu. Mtu aombaye mvua hachomi jembe lake. Basi mtu aombaye uzima asikatae dawa ya hospitali, wala asimkubali mhubiri auzaye mafuta na maji kwa bei, akiahidi kuponya kila ugonjwa.

Kisha ikaja huzuni ya Komanda. Usiku wa tarehe 26 kuamkia tarehe 27 Julai 2025, Wakristu walikuwa wamekusanyika kwa mkesha wa sala katika parokia ya Komanda, katika jimbo letu la Bunia. Waasi wa ADF waliwashambulia, wakaua watu zaidi ya 40 mahali pale na kando yake, wake kwa waume, na watoto, wakawachukua wengine mateka. Parokia ile yaitwa Mwenyeheri Anuarite. Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Nne alituma salamu za rambirambi na kuwaombea.

Hatutasema kwamba kifo chao kilikuwa kizuri. Kilikuwa uovu mkubwa, na Mungu hapendi uovu. Wala hatutasema kwamba twajua kwa nini Mungu aliuruhusu usiku ule. Ayubu hakupewa sababu, wala Bikira Maria chini ya msalaba hakupewa. Lakini twajua kwamba Bwana aliahidi kuwapo kati ya waliokusanyika kwa jina lake, nao walikuwa wamekusanyika kwa jina lake. Basi alikuwapo. Aliyekufa msalabani hakuwakimbia.

VI. Mafundisho tunayoyapata

Kwanza, Mungu husikia kila sala. Pengine hutoa tulichokiomba, kama baba wa mtoto katika Marko alivyopewa. Pengine hukawia, kama waamini wa Buganda walivyongoja mapadri. Pengine hutoa kitu kingine, nacho ni kikubwa zaidi, ingawa machozi yetu hayaturuhusu kukiona upesi.

Pili, ni halali kuomba mkate, mvua, mtoto, afya na amani. Bwana mwenyewe alitufundisha kuomba mkate wa kila siku. Msione haya kuomba mambo hayo. Lakini ahadi isiyo na shaka hata kidogo ni ya Roho Mtakatifu, msamaha na uzima wa milele.

Tatu, imani si kujilazimisha kuwaza kwamba jambo litatokea. Imani ni kumwamini Baba. Nayo ikiwa ndogo kama haradali, inatosha.

Nne, Mkristu asimwambie kamwe mgonjwa au aliyefiwa kwamba imani yake ni ndogo. Anayesema hivyo aongeza msalaba juu ya msalaba. Kazi ya jirani ni kuketi naye, kuchota maji, kuwasha moto, na kusali pamoja naye.

Mtauliza tulimjibu nini mama yule. Siku ile hatukumweleza haya yote. Tulimwambia neno moja tu: “Mama, si kweli. Imani yako si ndogo. Umefiwa na mtoto, na bado umekuja kapelani.” Akalia, nasi tukangoja. Kisha tukasali pamoja fungu moja la Rozari kwa ajili ya mtoto wake na kwa ajili ya marehemu wa Komanda. Jumapili iliyofuata alikuja, akaketi mahali pake. Nasi tulifunga safari kumtafuta baba yule wa zamani, tukamwomba radhi kwa neno letu. Alitukaribisha kiti. Hakusema kwamba atarudi kanisani, wala hatukumsukuma. Twaendelea kumwombea, na hivyo sisi pia tunajifunza kungoja.

Maswali ya kujikumbusha

1. Je, Mungu husikia kila sala? — Ndiyo, Mungu husikia kila sala, kwa sababu ni Baba yetu.

2. Yesu alipoomba Getsemani, je, alisikiwa? — Ndiyo, alisikiwa. Hakuepushwa na kifo, bali alifufuliwa katika wafu.

3. Kuomba kwa jina la Yesu ni nini? — Ni kuomba pamoja naye na kama yeye, tukiyataka mapenzi ya Baba.

4. Kuna tofauti gani kati ya sala na dawa ya uganga? — Mwenye dawa ataka kuitawala nguvu, na mwenye sala hujiweka mikononi mwa Baba.

5. Mwenyeheri Anuarite alipewa nini usiku wa kufa kwake? — Alipewa nguvu ya kushika nadhiri yake na ya kumsamehe muuaji wake.

6. Mtu akifiwa, tumwambie nini? — Tusimhukumu imani yake, bali tukae naye, tumsaidie na kusali naye.

Kusudi la juma hili

Kila nyumba imtafute mtu mmoja aliyefiwa au aliyekimbia vita, na kumtembelea. Msiende na maneno mengi. Mchukulieni kuni au unga, na kabla ya kuagana salini naye Baba Yetu mara moja, polepole, mkitulia pale penye maneno ya mapenzi ya Mungu.

Katika somo lijalo, Mungu akipenda, tutaeleza Sala ya Bwana, ombi kwa ombi. Mbaki na amani ya Kristu. Mwenyeheri Anuarite, utuombee.